Kutafuta Mawe ya Pembe Makunduchi

Nilikwenda Makunduchi kwa sababu pembe ya nyumba ya Bi Raya ilikuwa inabomoka, na mkono ulioitengeneza mara ya mwisho ulikuwa wangu. Anayezijua nyumba za Mji Mkongwe ataikumbuka sura yake: ukuta mweupe mtupu, kisha pembeni mawe makubwa yaliyochongwa, moja refu moja fupi, yakipandana kutoka chini mpaka juu. Hilo ndilo pambo pekee la nyumba. Pembe ilipopata ufa niliijaza saruji, nikaipaka saruji nyingine juu yake, nikajisifu mtaa mzima. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliuziba, na ukuta ukataka kujengwa vilevile. Haukupita muda mrefu jiwe moja likameguka likaanguka barazani, na ni bahati tu kwamba hapakuwa na mtu amekaa.

Wakubwa wa mtaa walikuja kutazama. Wakasema pembe isipotengenezwa kabla ya masika, nyumba itahamwa. Bi Raya ni mjane, na chumba chake ni kile cha juu, nyuma ya pembe yenyewe.

"Mwanangu, nkitoka hapa ntakwenda wapi?" aliniuliza. "Nshazeeka na nyumba hii."

Mjini sikumpata mchonga mawe wa kazi ile. Nikaambiwa pembe hiyo aliijenga fundi wa Makunduchi. Basi nikapima mawe yote, nikaandika vipimo kwenye karatasi, na kile kipande kilichoanguka nikakitia kikapuni.

Saa moja asubuhi nilipanda gari la mbao Darajani. Utingo alipokinyanyua kikapu changu aliguna, akafunua, akacheka.

"Bwana wee, Makunduchi kote mawe matupu, na wewe unatupelekea jengine?"

Abiria wote wakacheka, nami nikacheka nao, ingawa moyoni sikuwa na raha. Tulipita Tunguu, tukapita kwenye kivuli cha msitu wa Jozani, na baada ya Kitogani ardhi ikaanza kuwa mawe kweli. Mihogo ilikuwa imeota katikati ya majabali, na sikuelewa watu wanapitisha wapi jembe.

Karibu na adhuhuri nilifika. Yule fundi, nikaambiwa, alikwishafariki. Lakini dada yake, Bi Mize, yuko hai na bado anachoma chokaa, wenyeji wakasema, wakanionyesha njia. Nilimkuta kando ya tanuu lake, uso umejaa vumbi jeupe, anazungumza na jirani kwa Kimakunduchi. Aliponiona akanigeuzia Kiswahili cha mjini.

"Shikamoo, Bi Mize."

"Marahaba. Karibu. Umekuja kutaka chokaa?"

"La, nnataka mawe ya pembe." Nikampa karatasi ya vipimo, nikamtolea na kile kipande.

Karatasi hakuitazama. Alikigeuza kipande, akateka maji kwa kata, akamimina. Upande wa zamani uliyanywa palepale. Upande wa saruji yaliteleza yote yakamwagika chini.

"Hili si jiwe, fundi," alisema. "Kaka yangu alipiga lipu nene ya chokaa, ikiwa mbichi akaichora mistari. Uzi wa kunyooshea mistari nliushika mimi mwenyewe. Ndani mna vijiwe vya kawaida tu, kama ukuta wote."

Miaka kumi na tano ya uashi, na nilikuwa nimesafiri asubuhi nzima kutafuta mawe ambayo hayakuwahi kuwapo! Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka.

"Chokaa inakunywa maji na inayatoa," akaendelea. "Saruji hii imefunga mlango. Maji yaliyomo ndani yatoke wapi? Nani kaipaka?"

"Fundi mmoja wa mjini," nikajibu.

"Basi mwambie aibandue yote kwa mkono wake."

Siku mbili nilikaa kwao. Bi Mize alinifundisha kuchanganya chokaa iliyolala muda mrefu majini, mchanga na udongo mwekundu. Akanipa ukuta wa jiko lake nijifunze kuchora mawe. Mstari wangu wa kwanza ulikwenda upande, akacheka mpaka akakaa chini.

Asubuhi ya kuondoka, madebe ya chokaa yalipokwisha kupakiwa garini, nilishindwa kujizuia. "Bi Mize, yule fundi ni mimi."

"Nshajua. Mtu habebi kosa la mwenziwe mpaka Makunduchi."

Alasiri nilikuwa mjini. Nilipanda moja kwa moja kwa Bi Raya, nikamweleza kwamba ukuta wake haukuharibiwa na uzee, umeharibiwa na saruji yangu.

"Kumbe si maji yangu ya udhu?"

Hapo nikakumbuka. Unyevu ulipoanza kutokea ukutani, baada ya ile saruji, nilimwambia, bila hata kufikiri, kwamba labda anamwaga maji mengi huko juu. Nililisema mara moja nikalisahau. Yeye, tangu siku hiyo, akawa anashuka ngazi kwenda kutawadha uani, mara tano kwa siku, na magoti yake yale mabovu.

"Nisamehe, mama," nikamwambia.

"Nshasamehe. Kabandue saruji yako."

Niliibandua yote, nikajaza vijiwe, nikapiga lipu, nikachora jiwe refu na jiwe fupi mpaka juu, nikaiacha ikauke taratibu. Wakubwa wa mtaa wakaja wakaigonga, wakaondoka wameridhika.

Mvua ya kwanza ilinyesha asubuhi nzima. Adhuhuri nilikwenda kuitazama pembe, na nilipokuwa nimesimama chini, adhana ilipokwisha, nikasikia juu, ndani ya chumba cha Bi Raya, maji yakimiminwa kutoka kwenye birika. Tangu siku hiyo, nikikuta ukuta umeharibika, huuangalia kwanza mkono wa fundi kabla sijamsema anayelala ndani.