Pawa Saplai Niliyoitia Sahihi

Siku niliyoripoti kazini katika kiwanda cha nguo pale Thika, Mhandisi Mkuu hakunipa kiti. Alinipa bisibisi, akanionyesha kompyuta iliyokuwa imefunguliwa juu ya meza yake.

"Haya Macharia, umesema wewe ni fundi wa taipureta. Hii haina herufi za kugonga. Niambie, hiki kisanduku cha chuma huku nyuma ni cha kazi gani?"

Sikujua. Miaka kumi na minane nilikuwa Ruiru nikitengeneza taipureta za mashule na za maofisi, na mwanzoni mwa miaka ya tisini nilianza kuona zikitupwa stoo moja baada ya nyingine. Ndipo nikaomba kazi kiwandani. Nilikuwa na miaka arobaini na tano, mke na watoto wakiwa mtaa wa Landless, Thika, katika chumba cha kukodi, na sikuwa na ujanja mwingine. Nikamwambia ukweli, sijui.

"Hiyo ni sawa," akasema. "Anayesema sijui, anafundishika. Anayebahatisha ndiye ananitia wasiwasi."

Basi akanifundisha. Kisanduku kile ndicho pawa saplai. Umeme wa ukutani huingia pale ukiwa mkali, volti mia mbili arobaini, na kompyuta haiwezi kuumeza hivyo. Pawa saplai huupunguza na kuugawa: volti kumi na mbili kwa mota za diski na feni, volti tano kwa bodi na kadi zote. Plagi mbili zilizoingia kwenye bodi kuu zilifanana kama mapacha, na ukizibadilisha, bodi inaungua papo hapo. Alinifanya nirudie mpaka nikachoka: nyaya nyeusi zikutane katikati. Kisha akaniwekea pawa saplai mbili mikononi, moja kila upande. Karatasi zao zilisema wati zile zile, lakini moja ilikuwa nzito kama jiwe la kusagia na nyingine nyepesi kama mkebe wa kakao.

"Karatasi huandikwa na mtu yeyote," akasema. "Shaba haidanganyi. Ndani ya hii nyepesi wamepunja waya."

Kutoka pale nilipelekwa Chumba cha Michoro, na huko ndiko nilikomkuta Bi Zuhura. Alikuwa mchoraji wa leso, mama wa makamo aliyezaliwa Majengo, hapo hapo Thika. Baba yake, Mzee Salim, alikuwa fundi cherehani. Kila mchoro wa bintiye ulipotoka mtamboni, mzee alinunua leso moja akaitundika ukutani kwenye kibanda chake, na mteja aliyeingia kupunguziwa suruali hakutoka kabla hajaambiwa, "Hii ni kazi ya mtoto wangu." Mimi mwenyewe niliambiwa mara tatu.

Bi Zuhura alichora kwa mkono miaka yote hiyo, kisha kiwanda kikaamua michoro iingizwe kwenye kompyuta. Leso ina pindo, yaani ukingo, na mji, yaani katikati, halafu kila rangi huchorwa peke yake ili ipakwe peke yake. Kuona haya yote kwenye skrini moja ni kama kusoma gazeti kwa tundu la ufunguo. Kwa hiyo zikaagizwa skrini tatu: moja ya pindo, moja ya mji, moja ya rangi. Kila skrini ilihitaji kadi yake ya picha ndani ya kompyuta ile moja. Kuongeza kadi ni kuongeza midomo ya kulisha.

Mhandisi Mkuu alikuwa amestaafu kufikia wakati huo, na nafasi yake haikujazwa. Nikawekwa chini ya Meneja wa Ununuzi. Nilikaa na karatasi na penseli nikajumlisha: bodi kuu, kadi tatu, diski mbili, kadi ya skana, feni. Hesabu ilikaribia wati mia mbili. Mashine isiendeshwe ukingoni, kama vile lori la tani saba halipakiwi tani saba likapandishwa mlima kila siku, kwa hiyo niliomba pawa saplai ya wati mia tatu, na nikaandika kando kwamba iwe na nguvu ya kutosha kwenye laini ya volti tano, maana hapo ndipo kadi zingekula.

Wiki iliyofuata Meneja wa Ununuzi aliniita. Juu ya meza yake kulikuwa na boksi. Niliinua kilichokuwa ndani kwa mkono mmoja.

"Hii ni nyepesi, bwana meneja."

"Kwani tunanunua kwa kilo? Soma. Wati mia mbili hamsini. Wewe hesabu yako ilisema mia mbili."

"Nilisema pia iachiwe nafasi. Na sidhani hizi mia mbili hamsini ni za kweli."

"Hudhani." Akasukuma fomu ya kupokea upande wangu. "Funga. Ikiwaka, utie sahihi."

Iliwaka. Skrini zote tatu ziliwaka, Bi Zuhura akapiga makofi kama msichana. Nilichomeka mita kwenye laini ya volti tano nikasoma nne na nukta saba. Ilikuwa imeshuka kupita kiwango. Niliangalia namba ile, nikamwangalia meneja aliyesimama mlangoni, nikakumbuka chumba cha Landless. Nikaandika kwenye fomu: imepimwa, iko sawa. Nikatia sahihi.

Haikukaa mwezi kabla haijaanza kusumbua. Skrini ya rangi ilitetemeka, na mashine ikawa inajizima na kujiwasha.

"Fundi," Bi Zuhura aliniambia, "hii kitu inazirai kama mtu ana kifafa. Si uiangalie vizuri?"

"Usiwashe skrini zote pamoja," nikamjibu. "Tumia mbili kwanza."

Hilo ndilo nililomwambia mtu aliyeniamini. Nilijua pia kwamba michoro ilikuwa mikubwa, haitoshi kwenye vidiski vidogo vya kuwekea nakala, na kwamba ile ya karatasi, kazi yake ya miaka mingi, ilikuwa imeondolewa na kuchomwa baada ya kuingizwa kwenye mashine, ili kabati zitumike kwa mengine. Kila kitu chake kilikuwa ndani ya zile diski mbili.

Asubuhi moja nilisikia mlio kama wa chupa kupasuka. Nilipofika, chumba kilinuka plastiki iliyoungua, na Bi Zuhura alikuwa amesimama ukutani, mikono kifuani. Nilifungua. Kapasita, vile vimikebe vinavyotuliza umeme, vilikuwa vimevimba na kupasuka. Pawa saplai nzuri ikifa hufa peke yake. Hii ilipokufa iliachilia umeme mkali ndani, ikaua bodi, kadi zote tatu na diski zote mbili. Nilijaribu siku nne kuzifufua zile diski. Hazikuzunguka tena.

Meneja wa Ununuzi alitaka ripoti. Aliniita, akafunga mlango.

"Fomu ya kupokea iko na sahihi ya nani?"

"Yangu."

"Sawa. Sasa niambie, ndani ya kile chumba kulikuwa na birika ya umeme ama hakukuwa?"

Lilikuwapo. Chai ya birika lile niliinywa kila siku saa nne, yeye pia aliinywa.

"Ilikuwa kwa soketi gani?"

"Ile ya kompyuta."

"Basi andika hivyo. Sikwambii uongeze kitu."

Niliandika: birika la umeme lilitumiwa kwenye soketi moja na kompyuta, kinyume cha kanuni. Sikuandika neno la uongo hata moja. Sikuandika pia kwamba birika haliwezi kupasua pawa saplai vile, wala namba niliyoisoma kwenye mita. Bi Zuhura alifutwa kazi kwa uzembe. Aliondoka na rula zake zimefungwa kwa mpira, na alipopita karibu na meza yangu nilijifanya natafuta skrubu sakafuni.

Baada ya hapo nilifanya kazi miaka mitatu zaidi. Mitumba ilijaa masokoni, mitambo ikapungua, na kabla muongo haujaisha walitustaafisha kwa pamoja. Nilirudi Ruiru. Nilimuulizia Bi Zuhura, nikaambiwa yuko Gatongora, hapo karibu, anaandika mabango ya maduka kwa brashi. Nilimkuta amepiga magoti mbele ya ubao wa kinyozi, binti yake akimshikia kopo la rangi.

"Fundi Macharia," akasema bila kuinuka. "Karibu."

Nilimwambia yote nikiwa nimesimama. Uzito wa kile kisanduku, volti nne na nukta saba, sahihi, ripoti. Nikamwambia birika halikuwa na hatia, wala yeye.

Akamgeukia binti. "Rehema, weka hiyo kopo chini usikie. Sema tena, fundi. Polepole."

Nikasema tena. Mara ya pili ilikuwa nzito kuliko ya kwanza.

"Mimi nilijua sina hatia," akasema. "Huyu sasa amejua. Lakini aliyehitaji kusikia ni baba yangu. Siku niliyoleta ile barua ya kufutwa kazi alizishusha leso zangu zote ukutani. Alizikunja tu, akaziweka chini ya cherehani. Tumemzika mwaka jana."

Nilimwomba msamaha. Alichovya brashi. "Nimekusikia," akasema, akarudi kwenye herufi zake.

Siku hizi naishi na mwanangu katika mtaa wa Ngoingwa, Thika. Vijana wa mtaa wana kompyuta zenye kadi za picha mbili, tatu, kadi moja ikila umeme kuliko mashine nzima ya zamani zetu, na huniletea maswali. Nawaambia wajumlishe kila kitu, waache nafasi, wasiamini karatasi, wapime mashine ikiwa imebeba mzigo na wala si ikiwa imelala. Na walichokisoma kwenye mita wakiandike vile vile, hata bosi akiwa amesimama mlangoni. Wanashukuru, wananiita mwalimu. Siwakatazi, ila huwa siitiki haraka.