Nguzo ya Mtu na Nusu

Fundi huyu wa kuchomelea walimwita Pima-Tatu, maana hakukata chuma kabla ya kukipima mara tatu. Wakwe zake waliapa kwamba siku ya harusi alimpima bibi harusi kwa jicho, asije akakwama mlangoni. Mikono yake haikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa miguu: ikipita ngazi ya nne, inageuka maji. Siri hiyo aliijua peke yake.

Kaka yake alikuwa na mashua ya tanga, yenye mlingoti mrefu hata ndege akitaka kutua kileleni hupumzika mara mbili njiani. Siku moja akaja karakana na mkewe, amebeba rada mpya, duara jeupe kama sufuria lenye kifuniko.

"Tuifunge mlingotini, mdogo wangu. Ikikaa juu inaona mbali."

Pima-Tatu akaufikiria mlingoti, akahesabu ngazi zake, akaishia ya nne.

"Juu itakusumbua, kaka. Uzito utailaza mashua, na tanga la mbele litaisugua kila ukigeuka. Nitakuchomelea nguzo huku nyuma, urefu wa mtu na nusu."

"Hapo chini itaona kweli?"

"Itaona mpaka jikoni kwako."

"Basi ndoa yangu imekwisha," shemeji akadakia, na wote wakacheka.

Maneno yale ya uzito na tanga yalikuwa na ukweli ndani yake, ndiyo maana yalikuwa uongo mzuri. Nguzo ikatoka safi, mishono laini kama ukucha.

Mwaka wa pili mvua ikafunga bahari. Mawimbi yakaizidi kimo rada ile ya chini, na tishari la mizigo lililolala chini majini likaonekana kwenye kioo cha rada likiwa limeshafika. Kaka akakata usukani, lakini pua ya mashua ikapasuka. Yeye alirudi mzima. Mashua ilirudi ikiburutwa, na haikuelea tena.

Siku hizi kaka hushinda karakana, mikono mapajani.

"Bila nguzo ya mdogo wangu ningeliwa na samaki," humwambia kila mgeni.

Juzi Pima-Tatu alijikaza. "Kaka, ule mlingoti..."

"Niliuuza. Ulikuwa na nini?"

"Ulikuwa mrefu."

"Mrefu kweli," kaka akasema, akamsogezea kiti.

Ile nguzo sasa iko uani kwa shemeji, imefungwa kamba ya nguo. Pima-Tatu akipita hapo huitoa futi yake mfukoni, akapima. Mara tatu. Mtu na nusu, haiongezeki.