Mizizi Inayokaa Nje

Marehemu mke wangu alikuwa na ugonjwa wa maua ya okidi. Wanawake wengine hapa Gatitu hupanda ua moja kando ya geti wakarudi jikoni. Yeye alipanga vyungu barazani hadi nikakosa pa kuweka kiti changu. Yote yalianzia Timau, alipokuwa akifanya kazi kwenye shamba la maua, akapewa mche uliokuwa ukienda kutupwa. Nililalamika miaka na miaka. Alipofariki, Julai, ukungu umeshuka hadi kwenye mabati, nikaachiwa baraza nzima niweke kiti ninapotaka.

Sikujua lolote. Nilifundisha hesabu maisha yangu yote, na okidi haina habari na hesabu. Ikabidi niokoteze yale aliyokuwa akinieleza huku mimi nikisoma gazeti. Ile yenye majani marefu kama nyasi hupenda baridi. Iache nje hata Julai, maana bila baridi haichanui. Ile ya kipepeo, inayouzwa madukani, ni binti wa mjini: ukiiweka nje inanuna, basi ipewe dirisha lenye jua la asubuhi. Zote hunyweshwa maji ya mvua, tena si kila siku. Mizizi ikiwa na rangi ya fedha, ina kiu. Ikiwa ya kijani, imeshiba, achana nayo. Na udongo, hapana kabisa. Msituni hukaa juu ya miti, mizizi ikining'inia hewani, kwa hiyo chunguni huwekewa vipande vya magome na makaa tu.

Ya tatu ndiyo iliyonikaa rohoni. Aliiokota mwaka wake wa mwisho, kwenye tawi lililoangushwa na upepo njiani karibu na msitu, akaifunga kwenye kigogo kwa kipande cha soksi yake ndefu. Aliniambia kwamba ua lake ni jeupe, lakini hakuwahi kuliona. Kila asubuhi aliichungulia kabla hata ya kuteleka chai, akafa akiisubiri. Nikaona basi nitaisubiri kwa niaba yake. Mtu aliyebaki peke yake anahitaji sababu ya kuamka, na mimi sikuwa na nyingine.

Mwaka jana binti yangu alinishika masikio hadi nikakubali kwenda kukaa kwake Nairobi wiki mbili. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe, ila kule hawana jembe, walinipa rimoti. Wote walitoka asubuhi wakarudi jioni, nami nikagundua kwamba upweke wa nyumba ya watu ni mbaya kuliko wa nyumba yangu.

Ufunguo nilimwachia jirani, mjane mwenzangu, mzaliwa wa Gakindu, mtu wa kahawa tangu utotoni. Nilimwomba amwagilie maji kidogo, basi. Sikumweleza zaidi, na mkulima aliyelelewa kwenye kahawa hawezi kuona mzizi uko wazi akapita. Ni kama kumwona mtoto wa mwenzako bila nguo.

Niliporudi nilimkuta barazani ananingojea, uso unang'aa.

"Karibu nyumbani, Mwalimu. Ati ulikuwa unataka hizi maua zikufe? Mizizi yote ilikuwa inje! Nimezifunika vizuri, nikaweka na mbolea ya mbuzi, ile imekaa."

Kweli, kila chungu kilikuwa kimejaa udongo mwekundu, umeshindiliwa na kuinuliwa shinani kama viazi. Kigogo kilikuwa kimeegemezwa ukutani, kitupu. Ile ya msituni ilikuwa ndani ya mkebe wa majarini, imezikwa hadi shingoni.

Nilimshukuru. Ningesema nini? Alikuwa amechota, amebeba, amepepeta mbolea kwa mikono yake. Lakini alipoondoka niliketi nikautazama ule mkebe, nikakumbuka siku ya mazishi, kila mmoja wetu akitupa konzi yake ya udongo huohuo. Nililia. Sikulia hivyo hata siku yenyewe, kwa sababu siku yenyewe kulikuwa na watu.

Kesho yake asubuhi nikaanza kufukua. Jirani akaniona kupitia uzio wa miti ya kayaba, akaja amevaa gambuti zake.

"Kwani nimeiua, Mwalimu?"

"Sijui bado."

"Si ungeniambia, jameni. Mimi niko na mikono, nilikuwa tu sina habari."

Hakuondoka. Alishika karai la maji ya mvua, mimi nikasuuza. Mzizi mzima ni mgumu ukiubonyeza. Uliooza huteleza, ukabaki na uzi mkononi. Tulikata yote iliyooza kwa wembe, tukapaka mdalasini kwenye vidonda, tukaviacha vikauke kivulini. Ile ya kipepeo haikupona. Ya baridi ilitikisa mabega ikaendelea na maisha yake. Ya msituni ilibakiwa na mizizi miwili, nikaifunga tena kwenye kigogo, nikawa naichungulia kila asubuhi kwa hofu.

Mvua ndefu za mwaka huu zilipokolea, ilitoa kikonyo. Siku ilipochanua, maua yalikuwa meupe kweli, kila moja na mkia mrefu mwembamba nyuma yake. Niliwatumia watoto picha. Mmoja alijibu kwa kidole gumba, mwingine bado. Mchana niliyanusa, hayakuwa na harufu yoyote. Lakini jua lilipozama, nikiwa nafunga madirisha, harufu tamu ikajaa baraza nzima, ikaingia hadi sebuleni. Nilikwenda kumwita jirani pale pale.

Alisimama mbele ya kigogo, amefumba macho, mikono kifuani.

"Na mama alikuwa anajua inanukia hivi?"

"Hapana," nikamjibu. "Hakujua."

Akaniangalia, kisha akaenda kukaa kwenye kiti. Miaka yote ya ndoa yetu, habari za maua zilitoka kwake kuja kwangu, nami nikizipokea kwa sikio moja. Hii ndiyo ya kwanza iliyokuwa yangu kumpelekea, na sina pa kuipeleka.