Aliyesimama Mlangoni

Mjomba wangu nilimpiga kwa stendi ya kamera, mchana kweupe, uwanjani kwa marehemu babu, watu wakiangalia. Kwetu Kisarawe mjomba hapigwi. Mjomba ndiye anayekaa mkekani siku ya posa na kusema binti huyu tumemtoa, na huyu ndiye aliyenitoa mimi. Pigo la kwanza lilimpata begani. La pili nililenga kichwa, nikakosa. Watu hungoja niseme najuta. Na waendelee kungoja.

Nilikuwa nafanya kazi Kibaha, kwenye ofisi ndogo iliyokuwa ikiwatuma wapiga picha vilimani kuyapiga picha maisha kabla hayajageuka: nyumba za udongo zinazoangushwa zijengwe za tofali, mikorosho inayokatwa kupisha viwanja, bibi anatwanga huku simu kaifunga kwenye pindo la kanga. Kuwatafuta na kuwapeleka ilikuwa kazi yangu. Nikasema wa kwanza nitamwanzishia kwetu, juu ya kilima, kwa mama mdogo.

Mama mdogo alirudi nyumbani baada ya talaka, akamuuguza babu mpaka siku ya mwisho, akabaki. Nyumba ni ya udongo, bati limeshika kutu, ila mlango ni wa mninga, babu aliuchonga mwenyewe. Hakuwa na pengine pa kwenda. Mjomba, ambaye ni kaka yake, alikuwa amejenga bondeni, na kila Idi alikuja kumkumbusha kwamba nyumba ya mwanamke iko kwa mumewe. Mama mdogo alimjibu kwa kumpakulia pilau.

Mpiga picha alikuwa kijana wa Dar, mpole, mwenye shikamoo zake. Akamwomba mama mdogo asimame mlangoni. Kabla ya picha yenyewe akampa kikadi cha kijivu akishike kifuani, akampiga moja ya majaribio. Wapiga picha hupimia mwanga kwa kikadi hicho, hakina kazi nyingine.

Lakini bondeni, barabara ilipopanuliwa, walipita watu wa tathmini. Kila mwenye nyumba alisimamishwa mlangoni kwake na kibao chenye namba kifuani, akapigwa picha, na aliyeonekana kwenye picha ndiye aliyelipwa fidia. Kilima kizima kilijua hivyo. Jirani alipochungulia na kumwona mama mdogo na kikadi chake, akampigia mjomba simu.

Alifika kwa bodaboda, panga mkononi, matope ya shamba bado miguuni. Hakusalimu.

"Toka mlangoni!"

"Kaka, ni picha tu hii."

"Picha tu? Mimi nimezaliwa juzi? Toka, nasimama mimi!"

Akamshika kanga ya kichwani akamvuta. Mama mdogo, ambaye sijawahi kumsikia akimwinulia mtu sauti, akang'ang'ania mwimo wa mlango kwa mkono wa kulia. Mjomba akamgonga uso kwenye mbao. Pua ikamwaga damu hadi kwenye kikadi.

"Niue hapahapa," mama mdogo alisema. "Sitoki."

Nilimrukia mjomba mgongoni, akanitupa chini kama furushi. Kisha akalishusha panga kwenye ule mkono.

Lilitoa sauti ileile ya kupasua kuni. Vidole viwili vilibaki vikining'inia kwenye ngozi. Hasira hasara, wanasema, lakini mimi sikuwa na muda wa kupiga hesabu. Nikainyakua stendi, kamera ikaanguka mchangani, nikampiga. Majirani walikuwa wameshajaa uwanjani, na mmoja akaniambia nitulie, ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Nilimtukana tusi ambalo sitaliandika hapa. Mjomba alikuwa amekaa chini, panga limemtoka, anarudia, "Nilimwambia atoke. Si nilimwambia?"

Kituoni polisi, tulipopita kuchukua fomu ya PF3 ili atibiwe hospitali, mama mdogo alisema ameangukia panga akipasua kuni. Nilifungua mdomo, akanikanyaga mguu.

Hospitalini Tumbi walimkata vile vidole viwili. Vilivyobaki vilipona lakini havikunjiki, na mkono usiokunjika haushiki jembe. Nililia sana pale kwenye benchi, zaidi kwa hasira kuliko huzuni. Alipoweza kukaa kitandani aliniuliza kikadi kile kilikuwa cha nini hasa. Nikamweleza.

"Na picha ilitoka?"

"Ilitoka."

"Nisafishie kubwa."

Watu wa tathmini hawakuja kilimani. Hawajaja mpaka leo. Waliokuja ni wazee wa ukoo, kufanya kikao, na mjomba nyuma yao kavaa kanzu, macho chini. Walikuwa wamekuja na neno lao tayari: nyumba iuzwe, kila mtu achukue chake, ugomvi uishe. Walipomaliza kulisema, mama mdogo akaelekeza ukutani, kwenye picha yake.

Mzee mmoja akasogea kwenye fremu. Akautazama mlango wa babu, kikadi kifuani, mkono mzima wenye vidole vitano. Akarudi kukaa.

"Mbona huyu ameshapigwa picha," alisema. "Hapa hakuna cha kuuza."

Wenzake wakaitikia. Mjomba naye akaitikia. Ningeweza kuwaambia kikadi kile si chochote si lolote. Nilimtazama mama mdogo, naye akanitazama, tukanyamaza wote wawili.

Kikao kilipokwisha aliinuka kuwafungulia wageni. Mlango ule ni mzito, na komeo lake ni la kuvuta kwa nguvu. Akalishika kwa mkono wa kulia, likateleza. Akalishika tena, likateleza. Mjomba akanyoosha mkono amsaidie.

"Acha," mama mdogo alisema. "Mlango wangu."

Akaufungua kwa mkono wa kushoto.