Mkuu wa Mkoa wa Jämtland

Nilimchukia mjomba wangu kwa sababu ya mkoa ambao hakuna kati yetu aliyewahi kuukanyaga. Najua inavyosikika. Mkoa wenyewe uko Uswidi, katikati ya nchi, umeegemea mpaka wa Norway. Magharibi ni milima, mashariki ni misitu, na katikati kuna ziwa kubwa lenye mikono kama pweza. Unaitwa Jämtland. Ukiuchukua mkoa wa Kilimanjaro unaweza kuuingiza humo mara tatu na nafasi ikabaki, ila watu wake ni wachache mno, unaendesha gari hadi uchoke hujapata wa kumpungia mkono.

Nilikuwa na ramani yake ukutani kwangu, niliyoichora mwenyewe. Niliichana na kuichora upya mara nyingi kwa sababu mkono mmoja wa ziwa ulikataa kupinda inavyotakiwa. Hakuna aliyeniagiza kuchora ramani. Mimi ndivyo nilivyo: nikiogopa kitu nakisoma, na nikikisoma naogopa kwamba sijakisoma vizuri. Chuo niliacha mwaka wa kwanza, kwa hiyo kila ninachokijua nimekiokota mwenyewe mtandaoni, nikirudi nyumbani kutoka kazini kwenye mapokezi ya duka la miwani, Rayners Lane, hapa London. Kiswidi pia nilikiokota hivyohivyo. Nilikifanyia mazoezi bafuni bomba likiwa wazi, mama asinisikie nikikosea.

Niliyemwogopea ni Mama Mkubwa. Dada yake mama aliolewa na Mswidi aliyekuja Moshi kufundisha useremala, akamfuata kwao kabla mimi sijazaliwa. Wakajenga nyumba ya mbao kando ya barabara iendayo mpakani. Hawakujaliwa mtoto. Mume akafariki, kisha Mama Mkubwa akaanza kusahau. Alianza na sufuria jikoni, akaja kwenye majina ya majirani, mwisho kikamtoka Kiswidi chenyewe. Lugha aliyoisema maisha yake yote ya utu uzima ikawa inapukutika, ikabaki ile ya nyumbani kwa babu, mtu wa reli, ambako watu walizungumza Kiswahili tu. Wahudumu waliokuja kumlisha na kumwogesha walimuuliza kwa Kiswidi, akawajibu kwa Kiswahili, wakatabasamu na kuondoka. Alipungua mwili. Halmashauri yake ya huko mpakani ilikuwa tayari kumpa chumba katika nyumba yao ya wazee, chumba kizuri, lakini humo hakukuwa na mtu hata mmoja ambaye angemwelewa akisema ana kiu.

Mimi nilikuwa nimegundua jambo. Östersund, mji mkuu wa mkoa, kando ya lile ziwa, walikuwa wamehamia Wakongo wa mashariki, na mmoja wao, dada wa Bukavu, alikuwa mhudumu katika nyumba ya wazee ya mjini. Nilimpata kupitia kanisa lao, nikazungumza naye kwa simu. Basi shida ilikuwa moja tu: kumhamisha Mama Mkubwa kutoka halmashauri ya mpakani kwenda halmashauri ya mjini kabla hajazima kabisa.

Kwa hilo kuna utaratibu. Mkoa ule una halmashauri nane, na matunzo ya wazee ni kazi ya halmashauri. Hospitali ni za baraza la mkoa, linalochaguliwa na wananchi. Kisha yupo mtu tunayeweza kumwita mkuu wa mkoa, anayeteuliwa na serikali kuu, anakaa katika jumba la heshima, anasimamia kwamba sheria za nchi zinafuatwa. Hagawi vyumba vya wazee. Mtu mzee anayetaka kuhama anaomba moja kwa moja kwenye halmashauri anayotaka kwenda. Maombi niliyaandika mimi, na jirani yake wa Kiswidi, aliyepewa mamlaka ya kumsimamia mambo yake, akayatuma.

Nilifanya kosa la kumwambia mama, naye akamwambia kaka yake, na mjomba akaitisha kikao cha familia kwake Neasden.

Mjomba, kabla ya kuja London, alikuwa karani wa masijala katika ofisi ya mkuu wa mkoa kule nyumbani. Hapa anasimamia wafagiaji wa jengo la maofisi, lakini akikaa kwenye sofa lake utadhani bado ana muhuri mfukoni. Nilibandika ramani yangu mlangoni, nikaanza kueleza. Sikufika halmashauri ya tatu.

"Mwanangu," alisema, "hizo halmashauri ni watu wadogo. Mimi nimekaa pale masijala, nimeona. Mwananchi anazungushwa na halmashauri mwaka mzima. Siku akiingia kwa Mkuu wa Mkoa, Mkuu anainua simu, jioni jambo limekwisha. Tumwandikie Mkuu wa Mkoa."

"Mjomba, yule hana mamlaka hayo. Kule si kama—"

"Kuna mkoa?"

"Upo."

"Una mkuu?"

"Unaye, lakini—"

"Basi tunabishana nini?" Akamgeukia mama. "Huyu mtoto wako anataka kunifundisha mimi serikali. Mimi!"

Mama akavuta kitenge chake magotini, akasema, "Msikilize mjomba wako." Ndivyo vikao vyetu vilivyo. Mdogo analeta chai na taarifa, mkubwa anatoa neno. Nilienda jikoni nikasimama mbele ya sinki nikitafuna kucha mpaka kidole kikatoa damu, na nilimwombea mjomba mabaya nisiyoweza kuyaandika hapa.

Akaandika kweli, barua pepe ndefu kwa Kiingereza cha Mtukufu na Mheshimiwa. Akajibiwa kwa adabu kwamba barua imepokelewa na kwamba mambo ya aina hiyo hushughulikiwa na halmashauri. Alichokiona yeye ni kwamba imepokelewa. "Mkuu ana habari," alimwambia mama kwenye simu. "Sasa hao wadogo watatetemeka."

Tukaitwa kwenye mkutano wa video na afisa wa halmashauri ya mjini, yule anayepima mzee anahitaji nini na kuamua. Niliomba ruhusa kazini. Usiku wa kuamkia siku hiyo sikulala vizuri, nilikuwa nikirudia kichwani sentensi zangu za Kiswidi. Tulikusanyika tena Neasden, kwa kuwa mjomba ndiye mwenye televisheni kubwa. Alivaa suti na tai. Mama alisuka nywele upya. Afisa akatokea upande mmoja wa kioo, mwanamke wa makamo mwenye sweta la kijivu. Upande wa pili alikuwa Mama Mkubwa jikoni kwake na yule jirani. Mama akaziba mdomo kwa kiganja. Shingo ya dada yake ilikuwa imekwisha.

Nilisalimia kwa Kiswidi. Nikasema ile sentensi ya kwanza niliyoinoa bafuni, ikatoka bila kosa, na kwa muda mfupi nilikuwa na furaha ya kijinga sana. Kisha mjomba akasimama. Akasimama, mbele ya televisheni, afisa na sisi sote tukawa tunatazama tumbo lake kiooni.

"Ndugu Afisa, itifaki imezingatiwa," alianza kwa Kiswahili, mikono nyuma. "Familia inatoa shukrani. Mwambie."

Nikatafsiri shukrani.

"Sasa mwambie kwamba suala hili liko mezani kwa Mkuu wa Mkoa. Yeye atekeleze tu."

Sikutafsiri. Nilisema tu, "Mjomba, hapana."

"Mwambie!"

"Siwezi kumwambia hivyo. Ndiye anayeamua. Utamuudhi."

"Wewe umekuwa nani humu ndani? Nani kakuteua?"

Afisa akauliza kwa Kiswidi kuna tatizo gani. Nilifungua mdomo, na kile Kiswidi changu chote, miezi yote ile ya bafuni, kikagoma kutoka. Nilibaki nikitazama sweta la yule mwanamke. Mjomba alinitazama kwa dharau, akamgeukia, akamwambia kwa Kiingereza kwamba Gavana anazo taarifa kamili na anatarajia utekelezaji.

Na yule mwanamke akamjibu kwa Kiingereza kizuri kuliko cha mjomba.

"Mama wa watu anajua Kiingereza!" mjomba alicheka, akipiga paja. "Halafu wewe unatuhangaisha na Kiswidi chako cha simu!"

Natamani ningesema sikuumia. Afisa hakucheka. Alisema polepole kwamba huyo mnayemtaja haamui jambo hili, wala baraza la mkoa haliamui. Linaamuliwa hapa, kwa kumtazama huyu mama mwenyewe na mahitaji yake. Mjomba akaitikia kwa kichwa namna makarani wanavyoitikia wanapojua kwamba aliye mbele yao amepewa maelekezo na hataki kuyataja.

Afisa akamwuliza Mama Mkubwa jambo, kwa Kiswidi, taratibu. Mama Mkubwa alitazama meza. Akamwuliza tena. Akaanza kupangusa meza kwa kiganja. Ndipo nikashindwa kujizuia, nikapaza sauti, "Shikamoo, Mama Mkubwa!"

Akainua kichwa. "Marahaba. Mbona mnapiga kelele hivyo? Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa, dada," mama alisema, analia.

"Na huyo aliyesimama ni nani? Amekuja kusoma mita?"

Mjomba akasogea karibu na kioo. "Dada, ni mimi. Mdogo wako."

Mama Mkubwa alimkagua. "Mdogo wangu ni mwembamba. Wewe umekula nini? Umekula na cha wenzako?" Akamgeukia jirani yake Mswidi na kumwambia kwa Kiswahili, kana kwamba mzee yule angeelewa, "Mwondoe huyu. Ananizibia watoto."

Mjomba akaketi. Nakiri kwamba nilifurahi. Nilifurahi alivyokaa na tai yake imepinda, na furaha hiyo haikuwa na upendo ndani yake.

Afisa alikuwa ameacha kuandika. Akaniuliza, kwa Kiingereza sasa, kama Mama Mkubwa huongea hivi siku zote. Nikasema ndiyo, akiongeleshwa kwa Kiswahili. Nikaanza kutafsiri aliyoyasema, kumbe nilikuwa nimeshaandaa na maelezo ya nyongeza: utaratibu wa kuhama, kifungu cha sheria kinachouruhusu, mhudumu wa Bukavu. Akaninyamazisha kwa kuinua mkono. Alisema ndugu wa mtu hawapaswi kumtafsiria katika jambo kama hili. Atatafuta mkalimani wa kazi, na mazungumzo yatakayofuata yatakuwa kati yake, Mama Mkubwa, jirani na huyo mkalimani. Familia itasubiri. Alisema pia kwamba sheria ya kuhama anaifahamu.

Bila shaka aliifahamu. Ndiyo kazi yake. Kioo kikazimika na sisi sote tukaonekana humo, weusi, tumekaa mstari.

"Umetuharibia," mjomba aliniambia. "Umekataa neno la mkubwa mbele ya serikali ya watu. Sasa tumefukuzwa wote."

"Aliyefukuzwa ni mimi. Wewe hata hukuwa na kazi pale."

Mama akanipiga kibao mkononi. Kibao chepesi, lakini nina miaka ishirini na nne. Nikachukua ramani yangu iliyokuwa bado mlangoni na nikatoka hadi kituoni, sikumuaga mtu.

Kilichofuata kwangu ni kungoja, na kungoja ndicho kitu nisichokiweza. Nilifungua simu chini ya kaunta ya miwani kila mteja alipogeuka. Nilijipangia makosa yangu: sentensi iliyokwama, shikamoo niliyoipiga kelele, mjomba niliyeshindwa kumzuia. Kama Mama Mkubwa angekataliwa, nilijua kabisa nani angelaumiwa Neasden, na nilijua kwamba ningekubaliana nao.

Hakukataliwa. Jirani alitupigia kueleza. Mkalimani alikuja, Mama Mkubwa akaongea naye mpaka chai ikapoa, na alipoulizwa anataka nini, alisema anataka kukaa na watu wanaojibu. Halmashauri ya mjini ikampa chumba katika ile nyumba ya dada wa Bukavu.

Mjomba alimpigia mama kabla hata sijavua koti. Nilimsikia kutoka sebuleni. "Nilikwambia! Mkuu kainua simu!" Alipanga shukrani kwake, pilau na watu wa kanisani. Sikwenda. Nilimwandikia ujumbe badala yake, ngazi tatu za utawala wa mkoa ule, nani anateuliwa, nani anachaguliwa, nani aliamua. Niliuandika upya mpaka kila koma ikawa mahali pake. Alinijibu kwa picha ya dole gumba. Tangu siku hiyo tunasalimiana kupitia mama.

Wiki chache baada ya Mama Mkubwa kuhamia nilipiga simu nikiwa kwenye mapumziko, nimesimama nje ya duka, magari yakipita. Alipokea dada wa Bukavu, akaiweka simu mezani ili mikono yake iwe huru. Mama Mkubwa alikuwa akimfokea.

"Hii chai umeipika na nini? Maji ya kuogea?"

"Mama, kunywa. Niko nakuambia, iyi dawa hainywewi na tumbo tupu."

"Unanipigia kelele mimi? Kwenu hamfundishwi heshima?"

"Kwetu tunafundishwa. Kwenu ndiyo sijui, vile unatukana watu asubui yote."

"Sinywi!"

"Utakunywa, mama. Niko hapa mupaka saa kumi. Tutaona nani atachoka."

Ikaja sauti ya kijiko kikikoroga kikombe, kisha Mama Mkubwa akaanza upya, sauti yake nzito, ya mtu aliyeshiba, akimtajia kasoro za sukari, za dirisha, za viatu vyake. Hakuna aliyekumbuka kwamba niko kwenye simu. Nilikuwa na maswali niliyoyaandaa. Mteja alikuwa akigonga mlango wa duka niliokuwa nimeufunga, kwa funguo zake, amekunja uso, nami nikamwonyesha mgongo na kuendelea kuwasikiliza wakigombana.