Mama wa Sita Kwenye Benchi

Sokoni wananiomba kila mara niwasimulie siku ya teatri ya kolera, na mimi nawasimulia, wanacheka mpaka wanashika matumbo, lakini huwa nakata hadithi pale kwenye watoto wa mgomba na kuanza kuita wateja. Leo nitafika mwisho. Naona aibu, na aibu yenyewe haijapungua hata kidogo, mimi ambaye Kisangani nzima hakuna aliyewahi kunipunja ndoo moja kwa sababu kila kitu nakihesabu mara mbili.

Ilikuwa miaka ya vita. Umeme wa bwawa la Tshopo ukikatika pampu zinakufa, pampu zikifa watu wanarudi kuchota mtoni, na mto ulikuwa umebebeshwa mengi siku hizo (siyaandiki). Mitumbwi iliyotoka chini ya mto ilileta samaki na habari za kolera. Basi kwenye hospitali moja ya watoto, ambako mimi nilikuwa nauza ndoo na sabuni, Dokta Anselme, kijana mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akasema hatutangoja ugonjwa uje kutufundisha. Tutafanya kana kwamba umefika, wauguzi wakimbie, waoshe, wagawe vitanda, halafu tuone wapi tumekosea. Yeye aliita simulation. Sisi tuliita teatri.

"Mama Faila," akaniambia, "nitafutie mama sita. Kila mumoja na mutoto yake."

"Watoto wa kweli, Dokta?"

"Hapana! Wa kutengeneza."

Nikawatengeneza mwenyewe: vipande vya shina la mgomba, nikavizungushia maliputa, vitenge vyetu vya kujifunga, yaliyochakaa, wengine nikawachora macho kwa mkaa (mmoja alitoka anafanana na shemeji yangu, nikamfunika uso). Shina la mgomba lina maji, ukilibeba linakulowanisha kifua chote, kama mtoto wa kolera kabisa, na Dokta alifurahi sana. Hapo ndipo sokoni huwa naishia.

Sasa lile jambo dogo. Dokta alinipa nusu mita ya kitambaa chekundu, nikichane, nimfunge kila mama mkononi, ili wote wajue huyu ni wa teatri. Kitambaa kizuri, kipya. Nikakitazama, nikaona kilemba changu kimo humo ndani. Nikamwambia, "Dokta, na hawa askari, mama akipita barabarani na kitambaa chekundu mukononi, si watamuuliza iko wa kundi gani?" Haukuwa uongo mtupu. Ulikuwa uongo wa nusu mita.

Akafikiri. "Bon. Lakini utawajua namna gani?"

"Nitawahesabu," nikasema. "Sita ni sita."

Halafu akanivuta pembeni kunipa siri. Yule mama wa sita asiitwe na mtu. Akae nje kwenye benchi, alie, tuone kama kuna muuguzi atakayemkumbuka kabla ya filimbi ya mwisho. "Siku ya kweli," akasema, "atakufa ule ambaye kila mutu anafikiri mwenzake amemuona." Kazi yangu ilikuwa kukaa naye, asinyanyuke akatuharibia zoezi.

Asubuhi ya zoezi nikahesabu benchi: watano. Mama Odette, wa sita wangu, bado. Nikaenda kuchukua ndoo, nikarudi, nikahesabu: sita. Nikahesabu tena: sita. Yule wa mwisho uso wake sikuujua, liputa lake limelowa kifuani, amekumbatia furushi lake. Nikajiambia Odette amekwama, ametuma ndugu yake na furushi nililompa jana yake, ndivyo watu wetu wanavyofanya. Hata hivyo niliuliza, maana mimi si mtu wa kukubali bila kuuliza.

"Weye ni wa sita?"

"Sita, mama," akajibu, sauti imekauka. "Sita, tangu asubuhi."

Nikamsifu moyoni, tangu asubuhi, amewahi kuliko hata mimi.

Filimbi ikalia. Wauguzi wakatoka mbio, wakawaita wale watano mmoja mmoja, na kule ndani ilikuwa vurugu tupu: mmoja alimwangusha mtoto wake, shina likapasuka, muuguzi Véro akaendelea kutafuta mshipa kwenye mgomba huku akimwambia mama awe na moyo. Nikacheka. Pembeni yangu mama wa sita akanyanyuka. Nikamvuta liputa.

"Kaa kwanza. Yako ni ya mwisho."

"Mama, mutoto iko anaisha."

"Vizuri, sema ivyo ivyo. Lakini kaa."

Véro alipopita na ndoo, yule mama akamshika koti. Na mimi, mlinzi wa siri ya Dokta, nikamfungua vidole kimoja kimoja, vyote vitano. Véro akageuka akicheka: "Teatri yenu leo iko kali!" Akaenda zake.

Baadaye akajiinamia juu ya furushi lake. Nikamnong'oneza, "Lia basi, Dokta iko anaandika."

"Machozi imeisha," akasema.

Nikawaza, huyu ndiye mchezaji, nitamwongezea kipande cha sabuni.

Filimbi ya mwisho. Dokta akatoka na karatasi yake, wauguzi nyuma yake wanahema. "Dakika makumi ine!" akapaza sauti, akitunyooshea vidole vinne. "Dakika makumi ine mama iko hapa na hakuna hata mumoja amemuona! Mama Faila, waonyeshe ule mutoto."

Nikalichukua furushi kwa maringo, kazi ya mikono yangu, nikalinyanyua juu ili wote waone. Watoto wangu wa mgomba walikuwa wazito kuliko lile. Na mgomba hauna joto.

"Dokta," nikasema, "huyu si wangu."

"Si wako namna gani?"

"Sikumutengeneza."

Hakuna aliyecheka. Dokta aliiacha karatasi ianguke, na nitakiri kwamba walikimbia vizuri, kila mmoja alijua pa kusimama, maji ya dawa yakatundikwa kabla sijafunga mdomo wangu. Mazoezi yalikuwa yamewafaa. Véro alitafuta mshipa mkono wa kulia, wa kushoto, mguuni, kichwani. Mishipa ilikuwa imeshajificha. Alikuwa mtoto wa kike, meno manne. Jua lilikuwa halijafika katikati ya mbingu alipokata roho.

Mama yake alikaa palepale benchini, na alipoulizwa kwa nini hakusema, akaninyooshea mkono bila hasira yoyote. "Nilimuambia mama ule. Ameniuliza, nikamujibu. Sita. Ameharisha mara sita tangu asubuhi." Wakati wa kolera hilo ndilo swali la kwanza mlangoni, mara ngapi, na yeye alikuwa amelibeba jibu lake kwenye mtumbwi njia nzima asije akalisahau.

(Odette? Askari waliinyang'anya toleka aliyopanda, ile teksi ya baiskeli, pamoja na mizigo, akarudi nyumbani kwa miguu.)

Dokta aliniambia pengine hata dakika ya kwanza tungekuwa tumechelewa. Pengine. Nimelipima neno hilo mara mbili na zaidi, na kila nikilipima linatoka na uzito uleule.

Mama yule hakuwa na kitu cha kumfunikia mwanawe isipokuwa lile liputa lililolowa. Nikaenda nyumbani, nikakitoa kile kitambaa chekundu chini ya mto wa kulalia, nikamletea. Hakuuliza kimetoka wapi. Nusu mita ilimtosha mtoto wake, kuanzia kichwani hadi miguuni, na kipande kikabaki.

Ndoo zenu nitazihesabu, ndoo ni ndoo. Lakini watu siwahesabu tena. Mtu akikaa karibu yangu na furushi kifuani, namuuliza jina lake, namuuliza jina la mtoto aliyembeba, halafu naomba nimguse.