Wimbo wa zeze la baba nilivyoupata tena kwenye duara la fidla Toronto

Salaam wakuu. Hii siyo chai, ni kitu kilichonipata mwenyewe hapa Toronto, na mke wangu ni shahidi ingawa humu hayumo.

Mimi ni Mgogo wa Dodoma vijijini. Siku hizi naishi Pickering, mji wa pembeni ya Toronto, kazi yangu ni kwenye nyumba ya kulea wazee.

Baba yangu alikuwa mpiga zeze. Kwa wasiolijua, ni kibuyu, ngozi, nyuzi mbili na upinde. Unakaa kwenye kigoda, unalisimamisha mapajani, unakwangua. Jioni alikuwa analipiga pale nyumbani na sisi watoto tunapiga makofi.

Nilipoenda sekondari nikaanza kuona aibu. Nikija na rafiki likizo, namwomba mama amwambie mzee apumzike kidogo na lile zeze. Nikilikumbuka hilo najichukia mpaka leo.

Baba akafariki mimi nikiwa huku. Zeze likaliwa na mchwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kumrekodi.

Wimbo wake mmoja, ule aliokuwa anafungia jioni, ulibaki kichwani mwangu tu. Nao kila mwaka nauona unapungua. Nikiusahau mimi, basi, umekwisha. Hiyo ndiyo hofu niliyokuwa naishi nayo.

Nikanunua fidla ya mtumba ili niutafute. Mke wangu alivumilia wiki mbili. Ya tatu akanitafutia online kundi la watu wa kupiga nao, yaani ilimradi nitoke ndani ya nyumba.

Kundi lenyewe linakutana Jumamosi mchana, kwenye ukumbi mmoja karibu na Regent Park. Wanapiga old-time, nyimbo za kale za fidla. Wengi ni watu wazima, wengine wana banjo na magitaa. Wanakaa duara, hakuna karatasi za muziki. Mmoja anaanza, wengine wanadaka kwa sikio, halafu mnaurudia wimbo huohuo hata mara kumi na tano. Hakuna kujitenga uonyeshe ufundi wako.

Anayewaongoza ni mama wa miaka sabini na kitu, anaitwa Joan. Nilimwita Mama Joan, akaniambia Joan inatosha. Mdomo wangu ukagoma, wakuu. Mtu wa umri wa mama yangu nimwite Joan kavukavu? Nikaendelea na Mama Joan mpaka akazoea.

Fidla nilikuwa naishika kama zeze, imesimama kwenye paja. Sikuchekwa. Jamaa mmoja wa banjo aliniuliza tu kama shingo inanisumbua.

Sasa njooni kwenye kosa langu.

Siku ya kwanza hiyohiyo, wimbo umekolea, Mama Joan akanyanyua mguu juu. Kwetu baba akinyanyua mguu, maana yake moto umewaka, ongezeni. Nami nikaongeza, nikafumba na macho kabisa.

Kumbe kwao mguu ukiwa juu, huo ni mzunguko wa mwisho.

Wote wakanyamaza. Mimi bado nakwangua. Nafumbua macho, watu kumi na mbili wananitazama. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mama Joan akasema, "Usiache."

Wimbo wao sikuujua kiasi cha kuupiga peke yangu. Vidole vikaenda kwenye kile wanachokijua. Wimbo wa baba ukatoka, wakuu. Sehemu ya kwanza, halafu ya pili, ile ambayo kidole kinateleza polepole kwenye uzi, niliyokuwa nimeitafuta nyumbani nisiipate. Wakaudaka. Tuliurudia mpaka banjo zikaingia.

Nilirudi Pickering na treni nikicheka peke yangu. Nikajua kazi imekwisha, sitausahau tena. Hata sikujirekodi, ujinga gani huo.

Haikupita wiki mbili, nikateleza kwenye barafu parking ya kazini, nikavunja kifundo cha mkono. Winter nzima sikugusa fidla.

Mkono ulipopona nikakaa nayo jikoni. Sehemu ya kwanza ikaja. Ya pili hakuna. Kesho yake hakuna. Siku ya nne nikampigia mdogo wangu Dodoma, nikamwomba aniimbie hata kidogo.

Akaniambia, "Kaka, mimi wimbo ule ukianza nilikuwa nimeshalala."

Nilikaa kwenye ngazi nikalia. Mke wangu akaja mbio. "Baba Neema, kuna msiba nyumbani?"

Nikamwambia upo, ni uleule wa baba.

Jumamosi nikaenda kwenye duara kwa sababu tu alinisukuma. Sikumwambia mtu chochote. Nilikaa na fidla ikiwa kwenye begi.

Mama Joan alinitazama, akaanza kupiga. Sehemu ya kwanza. Wengine wakaingia. Kisha ya pili, na kidole kikateleza palepale baba alipokuwa anakitelezesha. Duara zima liliteleza pamoja naye.

Walikuwa wameupiga kila Jumamosi niliyokosekana, ili nikirudi niukute.

Sikuweza hata kufungua begi. Nililia mbele za watu, mwanaume mzima, na sioni aibu kuliandika.

Walipomaliza, Mama Joan akauliza, "Tumeupiga sawa? Maana hujawahi kutuambia unaitwaje. Sisi tunauita wimbo wako."

Nikamwambia siyo wangu. Ni wa Ndahani, baba yangu mzazi. Akatoa daftari lao la nyimbo, nikamtajia herufi moja moja, akaandika.

Wakuu, wimbo ule niliukumbatia peke yangu miaka yote nikidhani ndiyo kuutunza, na ukawa unanifia mikononi. Umepona kwa sababu niliwaachia watu wengine, tena kwa makosa.

Kama nawe umebaki na kitu cha mzee wako, wimbo, kisa, hata namna yake ya kuita ng'ombe, usikifungie. Mpe mtu. Unaweza kuanza kwa kukiandika hapa chini, sisi tutakusaidia kukumbuka.